Mtoto Ashuke Mgongoni

Msichana wa miaka 12 anayekuja kwenye kundi letu la vijana hapa Dzaleka haji peke yake. Anakuja na mtoto mgongoni. Ni mdogo wake, au mtoto wa dada yake, au wa jirani aliyekwenda sokoni kuuza nyanya. Amefungwa vizuri kwa kitenge, kichwa kimelala upande, miguu inaning'inia. Dada mtu anasimama pembeni ya uwanja saa mbili nzima akiangalia wenzake wanacheza netiboli, na mtoto naye anaangalia. Kazi niliyopewa mimi ni ya vijana, siyo ya vichanga. Lakini siku ukihesabu wasichana wa namna hiyo wakafika tisa kwenye uwanja mmoja, unaona kwamba huwezi kuwasaidia hao tisa bila kuwafikiria wale tisa wengine waliofungwa mgongoni.

Ndivyo nilivyoingia kwenye mambo ya watoto wa mwaka mmoja mpaka mitatu. Vijana wenzangu wananicheka, eti Papa Bebe. Sawa tu.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto wa chini ya miaka mitano: wacheze kiasi gani, wakae kiasi gani, walale kiasi gani. Tulisomewa kwenye semina. Mtoto wa mwaka mmoja au miwili anatakiwa awe anajongea angalau dakika 180 kwa siku. Siyo kwa mkupuo mmoja, zinagawanyika kutwa nzima: kutambaa, kutembea, kupanda, kurukaruka, kucheza muziki, chochote. Akifika miaka mitatu ni dakika zile zile 180, ila 60 kati yake ziwe za kumtoa jasho kweli. Halafu kuna mstari mmoja uliowafanya akina mama wacheke mpaka mwezeshaji akanyamaza: mtoto asifungwe mahali pamoja kwa zaidi ya saa moja mfululizo, iwe kwenye kigari au mgongoni kwa mlezi. Mgongoni, wameandika kabisa.

"Saa moja?" mama mmoja akauliza huku anafuta machozi ya kucheka. "Hiyo foleni ya kuhakiki majina peke yake ni saa ngapi?"

Nilicheka pia. Na sitaki mtu asome hapa afikiri nautukana mgongo. Mgongo una joto, mtoto analala, anasikia moyo wa mama yake. Mimi mwenyewe nimesimuliwa kwamba niliondoka Fizi mgongoni kwa mama, na nisingekuwa pale leo nisingekuwa hapa naandika. Swali langu ni jingine kabisa. Tumefika. Tumekaa miaka. Kwa nini mtoto bado hashushwi?

Kwa sababu ya kilichoko chini, ndugu zangu. Mama hamfungi mtoto kwa kutojua. Nilizunguka na vijana wanne kwenye vichochoro vya karibu na uwanja, tukawauliza akina mama neno moja tu: ukimweka mtoto chini hapa mlangoni, unaogopa nini? Hakuna aliyefikiri mara mbili kabla ya kujibu.

Wa kwanza alituonyesha shimo. Ninyi mnaoishi hapa mnayajua haya mashimo. Mtu akijenga nyumba anachimba udongo pale pale, anafyatua matofali, anapandisha ukuta, na shimo linabaki. Kiangazi linakuwa la takataka. Masika linakuwa bwawa. Mtoto anayejifunza kutembea haoni shimo, anaona maji yanang'aa. Wa pili alituonyesha mbabula. Tunapikia nje, makaa yanawaka, sufuria iko sawa na uso wa mtoto wa mwaka na nusu. Wa tatu hakuonyesha kitu, alisema tu "kipindupindu". Ule mlipuko wa 2022 na 2023 ulioipiga Malawi nzima haujatoka kichwani kwa watu. Tuliambiwa nawa, nawa, nawa, na mama mwenye akili akahitimisha kwamba ardhi yenyewe ni adui. Mikono ya mtoto ikigusa chini inaenda mdomoni moja kwa moja. Nani atamlaumu?

Halafu kuna msongamano. Hapa palikuwa gereza zamani, pakafanywa kambi mwaka 1994, kwa hesabu ya watu 10,000 au 12,000 hivi. Sasa tuko zaidi ya 50,000. Mwaka 2023 ilipotoka amri kwamba wakimbizi waliokuwa wanaishi mijini na vijijini warudi kambini, kila upenyo uliobaki kati ya nyumba na nyumba ukapata nyumba nyingine. Mahali nilipojifunzia mimi mpira wa makaratasi leo kuna familia tatu. Watu wazima tunabanana, tunavumiliana. Mtoto wa miaka miwili ndiye amepoteza uwanja wake wote, maana uwanja wake ulikuwa mlangoni.

Kwa hiyo tukaanza na chini. Pembeni ya uwanja kulikuwa na kipande kidogo, hatua kumi kwa nane, kimejaa mawe na vipande vya chupa. Wavulana wa mpira walikisafisha kwa siku mbili, wakabeba udongo wakasawazisha, wakazungushia miti na kamba. Ndoo ya maji na sabuni iko mlangoni: kuingia unanawa, kutoka unanawa. Tukatandika mkeka upande wa kivulini. Mbabula marufuku kukaribia, hata ya yule mama wa mandazi ambaye sote tunampenda.

Vifaa havikutugharimu hata kwacha. Bido ndogo ya lita tano yenye changarawe ndani, imefungwa kifuniko kwa nguvu: mtoto anaisukuma, inalia, anaifuata. Mpira wa mifuko ya plastiki na kamba, lakini mkubwa kuliko kichwa chake, ili aukumbatie na ashindwe kuumeza. Magunia matatu yaliyojazwa majani makavu, yamelazwa kama kilima, ya kupanda na kuporomoka. Matofali matatu yamepangwa mbalimbali, ya kuruka juu yake kwa yule aliyekomaa, na ya kukalia kwa aliyechoka.

Kitu kinachofanya kazi kuliko vyote hakishikiki. Ni kumtuma. "Niletee kikombe." "Mpelekee dada kiatu." Mtoto wa umri huo akitumwa anajiona mzee wa baraza, anakwenda mbio, anaanguka, anainuka, anarudi anataka kutumwa tena. Ukimwambia "fanya mazoezi" hakuelewi. Mtume mara ishirini, amekimbia uwanja mzima na wewe umekaa.

Na muziki, jamani. Kama unataka kuona dakika 180 zinatimia bila semina, nenda kanisani kwetu Jumapili. Kwaya ikianza, watoto wanashuka wenyewe, wanajipanga mbele, wanakata kiuno mpaka mchungaji anapoteza mstari. Siku hiyo hakuna anayesema "kaa chini, utachafuka". Sisi tunaweka simu ndani ya sufuria tupu ili isikike zaidi, basi.

Wasichana wanashika zamu. Wawili wanabaki na watoto, wengine wanacheza, baada ya nusu saa wanabadilishana. Tuliwafundisha mambo mawili matatu ambayo mtu wa miaka 12 hawezi kuyajua. Usimnyanyue mtoto kwa mkono mmoja, wala usimzungushe hewani kwa kumshika viganja, hata akicheka namna gani, kiwiko chake kinateguka kirahisi sana. Mshike chini ya makwapa. Usimlazimishe kusimama dede kwa sababu mwenzake amesimama. Kutembea bila kushikwa kunaanza popote kati ya miezi 8 na karibu 18, kwa hiyo mtoto wa miezi 14 anayetambaa bado hajachelewa, na mama yake asichekwe.

Koko mmoja wa hapo jirani (kwetu bibi ni mke, kwa hiyo nyanya mzaa baba ni koko, wageni msichanganyikiwe) alikuja kutukagua. Alituangalia muda mrefu. Akasema zamani kijijini waliwachimbia watoto kishimo kidogo, wakakitandika nguo, mtoto anakaa humo ajifunze kukaza mgongo. Kisha anawekewa miti miwili ya kushika aanze hatua. "Ninyi mnafikiri mmeleta kitu kipya," akasema. Kesho yake alimleta mjukuu wake, akatuletea na miti miwili. Bado tunaitumia.

Mpaka hapo ungesema mambo mazuri. Lakini kuna mama mmoja wa mapacha, wa miaka miwili na kitu, alikuja mwisho wa mwezi, pesa ya chakula ilikuwa bado haijaingia na yenyewe ilikuwa imeshapunguzwa. Alisimama nje ya kamba akaniita.

"Mwanangu," akasema, "mnawakimbiza watoto ili wasikie njaa mapema?"

Nilisema, "Hapana, mama."

"Mimi nawafunga mgongoni ili walale. Wakilala hawaombi. Wewe ukinirudishia wameamka, wamechangamka, wanataka ugali, ugali huo uko wapi?"

Hilo swali sijalisikia kwenye semina yoyote. Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma gazeti letu, naomba mlisome mara mbili. Mama huyu hakosi upendo wala elimu. Anafanya hesabu, na hesabu yake ni sahihi: mtoto aliyetulia anatumia kidogo.

Nilimfuata muuguzi anayeshughulika na lishe, nikamuuliza kama tunawadhuru. Akanieleza kitu ambacho nimekishika mpaka leo. Katika zile hatua kumi za Shirika la Afya Duniani za kutibu mtoto mwenye utapiamlo mkali, mojawapo ni mchezo. Mtoto akiwa bado kwenye matibabu anachezeshwa dakika 15 mpaka 30 kila siku kwa mpangilio, na anaanza kujongea mara tu afya yake inaporuhusu. Wameweka hivyo kwa sababu mtoto mwenye njaa ya muda mrefu anazima, mwili wake wote na akili yake, na chakula peke yake hakimwashi vizuri. Akanitajia na utafiti wa Jamaika uliotoka mwaka 1991, watoto 129 waliodumaa: waliopewa maziwa waliendelea, waliochezeshwa nyumbani waliendelea, na waliopata vyote viwili ndio walioendelea zaidi. Lakini akanionya pia. Mchezo haujazi tumbo, na asiye na chakula usimshindanishe mbio.

Nikarudi kwa yule mama na majibu hayo, nikamweleza kama nilivyoelezwa, bila kumfundisha. Tukakubaliana naye na wenzake hivi. Watoto wacheze asubuhi, baada ya uji kwa wenye uji, siyo saa kumi jioni wakati nyumba nyingi zinangoja sufuria. Wiki za mwisho wa mwezi kilima cha magunia kinapumzika: tunacheza kwa mikono, maji kwenye beseni, kujificha na kitambaa, kutumwa karibu karibu. Mtoto anayeonekana kulegea au kuvimba miguu hachezi kwanza, dada yake anaongozana na mmoja wetu mpaka kliniki wampime mkono. Wameshapelekwa watatu. Mmoja aliingizwa kwenye matibabu siku hiyo hiyo, na aliyemwona ni msichana wa miaka 13 aliyesema tu, "Huyu jana alikuwa anasukuma bido, leo anaikalia."

Mapacha wanakuja mara mbili kwa wiki. Mama yao anawaleta kwa zamu, mmoja leo, mwingine keshokutwa. Nilimuuliza sababu. Akasema mmoja akicheza na mwingine akilala, sahani inatosha. Sikuwa na la kumjibu, nikampokea aliyeletwa.

Netiboli inaendelea. Wasichana saba kati ya tisa sasa wanacheza mechi nzima, ingawa watoto wakisikia kelele za goli wanatoroka chini ya kamba na kuvamia uwanja, na imebidi tuweke mvulana mmoja mstarini kuwarudisha. Wawili bado hawaruhusiwi kumshusha mtoto, na mmoja wao ana mkono mzuri wa kufunga kuliko wote.

Kipande chetu kinatosha watoto kumi na tano, kumi na nane wakibanana. Nyumba zinazotuzunguka zina watoto wengi zaidi ya hapo, na mashimo yao yako pale pale. Kuna moja tu limefukiwa, la nyuma ya nyumba ya koko: akina mama watano walimwaga majivu na vifusi kila jioni kwa wiki tatu. La jirani yake lina kina cha mtu mzima mpaka kifuani. Mikokoteni miwili tumeahidiwa na kijana wa matofali, kwa siku moja, Jumamosi. Mvua zinaanza Novemba.