Viazi, mizani na ukuta wa Bologna

Wiki mbili zilizopita simu yangu ilikuwa haipatikani na baadhi yenu mlilalamika, hasa wale wenye mnyauko kwenye viazi. Hao nimeshawapigia mmoja mmoja. Nilikuwa likizo. Mdogo wangu alikuwa anamaliza shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Bologna, Italia, alikokwenda kwa ufadhili, na mimi na mama tulienda kumpongeza. Tulilala huko usiku sita. Leo sitaandika habari za mbolea wala mbegu. Nataka kuwaeleza niliyoyaona kule kuhusu kuuza kwa kipimo, kwa sababu mavuno yanakaribia na malori yataanza kupanda huku kwetu Njombe.

Nianze na malazi, maana ndiyo wengi mmeuliza. Hatukukaa hotelini. Tulipanga fleti ya siku chache karibu na Via Zamboni, mtaa ambao majengo mengi ya chuo yako: chumba kimoja cha kulala, sebule yenye kochi linalokunjuka kuwa kitanda, jiko na bafu. Iko ghorofa ya tatu na haina lifti, na mama ana magoti. Tulilipa euro 90 kwa usiku, karibu shilingi 260,000 kwa bei niliyobadilishia. Najua ni hela nyingi. Pesa hiyo tulichanga nusu kwa nusu, nusu ya mama ikiwa ya viazi vya msimu uliopita, na tiketi za ndege zilitokana na mkopo wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Lakini tulikuwa watu watatu, na hotelini tungelazimika kuchukua vyumba viwili, halafu kila mlo tununue. Kwenye fleti tulipika wenyewe.

Tulipika hata ugali. Italia ya kaskazini wanakula polenta, nao ni unga wa mahindi ya njano unaosongwa kwenye maji ya moto. Mama alipouona dukani alicheka peke yake. Unga wenyewe una chenga kubwa na unachukua muda mrefu kuiva, lakini kwa mboga ya kabichi ulishuka vizuri.

Mwenye nyumba hatukumwona hata siku moja. Alitutumia ujumbe wa simu wenye namba za kufungulia kisanduku kidogo cha funguo kilichoko mlangoni. Kabla ya hapo alitaka picha za pasi zetu za kusafiria, kwa kuwa sheria ya kule inamlazimu mwenye nyumba kuwaarifu polisi majina ya wageni wanaolala kwake. Halafu kuna kodi ya wageni inayokwenda kwenye halmashauri ya mji, inayohesabiwa kwa kila mtu kwa kila usiku. Ndani alikuwa amebandika karatasi: vyombo vilivyomo na idadi yake, saa za kutopiga kelele, na namna ya kutenganisha taka. Karatasi peke yake, plastiki peke yake, chupa peke yake, na maganda ya jikoni peke yake kwa ajili ya kutengeneza mboji. Wenye gesti mnaosoma hapa, hiyo orodha ya vyombo iliyobandikwa ukutani ni kitu cha bei rahisi sana. Inazuia ugomvi wa mashuka na mataulo asubuhi mgeni anapoondoka.

Kupangisha vyumba ni biashara kongwe mno katika mji huo. Chuo chao kinahesabiwa kilianza mwaka 1088, na wanafunzi walikuja kutoka nchi nyingi za Ulaya. Watu hao walihitaji pa kulala. Wenyeji wakawa wanarefusha ghorofa za juu zitokeze nje, juu ya barabara, na kuziegemeza kwa nguzo za miti ili wapate chumba cha ziada. Chini yake pakabaki baraza lenye kivuli ambalo kila mtu anapita. Mwaka 1288 mji ukaagiza kila nyumba mpya ijengwe na baraza la namna hiyo. Mwenye nyumba analitunza, wananchi wanapita. Leo ukiunganisha mabaraza yote ya Bologna unapata karibu kilomita 62, na mwaka 2021 UNESCO waliyaweka kwenye urithi wa dunia. Siku mbili mvua ilinyesha, tukatembea tangu asubuhi hadi jioni na tukalowa viatu tu.

Lakini mdogo wangu alitusimulia upande wa pili. Yeye mwenyewe alikuwa anaishi mbali na katikati ya mji, chumba kimoja wanalala wawili, kwa sababu fleti nyingi za karibu na chuo siku hizi zinapangishwa kwa watalii kwa siku, na wanafunzi wanakosa vyumba au wanauziwa kwa bei ya kuumiza. Mama alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama hapa tulipolala tumemnyang'anya mwanafunzi chumba. Hatukuwa na jibu zuri la kumpa.

Sasa soko. Siku ya pili tulikwenda Mercato delle Erbe, soko la ndani lililoko Via Ugo Bassi. Mama akamsalimia muuza mboga wa kwanza "Kamwene", na yule baba akaitikia kwa Kitaliano kwa furaha kana kwamba ameelewa. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye vibao. Kila kreti lina kibao: jina la zao, mara nyingi na aina ya mbegu, nchi au eneo lilikolimwa, daraja lake, na bei ya kilo moja. Hiyo siyo hiari ya muuzaji, ni kanuni za Umoja wa Ulaya kwa matunda na mboga. Nyanya za daraja la kwanza hapa, za daraja la pili pale kwa bei ya chini, na zote zinauzika. Hakuna aliyezichanganya ili mbovu zijifiche chini ya nzuri.

Kwenye supermaketi ni vivyo hivyo, ila unajipimia mwenyewe. Unavaa glavu ya plastiki, unachagua, unaweka kwenye mizani, unabonyeza namba ya zao na stika inatoka yenye uzito na bei. Mama alipima viazi vitatu, akatoa kimoja, akapima tena, akarudisha. Alitaka kuona kama mizani inadanganya. Foleni ikawa ndefu nyuma yetu na mdogo wangu akaanza kuona aibu.

Kwenye rafu hiyo palikuwa na viazi vya aina mbili vilivyokaribiana. Vya kawaida, na pembeni yake mfuko ulioandikwa "Patata di Bologna DOP" wenye bei ya juu zaidi. Hizo herufi tatu maana yake jina linalindwa na sheria ya Ulaya. Tangu mwaka 2010 kiazi hakiruhusiwi kuitwa hivyo mpaka kiwe kimelimwa katika eneo la Bologna, na kiwe cha mbegu moja tu iitwayo Primura. Nikakumbuka viazi vyetu vya Uwemba, Sagita nzuri kabisa, ambavyo vikifika Dar es Salaam mtu anakwambia ni vya Mbeya.

Niseme wazi kabla hamjanipigia simu: bei ya kiazi dukani Ulaya siyo bei anayopata mkulima wa Ulaya. Pale ndani kuna usafirishaji, maghala, mishahara na kodi. Kwa hiyo msizidishe kilo zenu kwa bei ya Bologna mkaanza kulia. Nilichokipenda ni kwamba kwenye kila hatua kinachouzwa ni kilo, na kilo hiyo ni ile ile.

Siku ya nne mdogo wangu akatupeleka Piazza Maggiore, uwanja mkubwa wa mji. Kuna jumba liitwalo Palazzo d'Accursio ambalo kwa karne nyingi limekuwa makao ya serikali ya mji. Watalii wanapiga picha za saa na sanamu. Sisi alitusogeza kwenye ukuta wa chini, akatuonyesha jiwe lenye mistari iliyochongwa. Ni vipimo vya zamani vya Bologna. Kuna futi yao, karibu sentimita 38. Kuna dhiraa ya kupimia vitambaa, karibu sentimita 64. Kuna fimbo ya futi kumi, inayofika karibu mita 3 na sentimita 80. Kuna hata ukubwa halali wa tofali na wa kigae cha paa. Kabla Italia haijaingia kwenye mita na kilo mwaka 1861, kila mji ulikuwa na vipimo vyake, na mji huu ulivichonga ukutani uwanjani, mahali ambapo kila mtu anaweza kuvifikia.

"Kwa hiyo mtu akipunjwa kitambaa alikuwa anakuja nacho hapa?" mama akauliza.

Mdogo wangu akasema ndiyo, hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya ukuta. Mama akaweka mkono wake kwenye ile dhiraa, kuanzia kiwiko, akaona imezidi vidole vyake. Halafu akakaa kwenye ngazi za kanisa lililoko uwanjani na kuanza kuhesabu.

Hesabu yenyewe ni hii, na naiweka kwa ruhusa yake. Kanuni zetu za vipimo Tanzania zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Miaka michache iliyopita nilipima magunia mawili ya lumbesa ya mama kabla hayajapakiwa: moja lilikuwa na kilo 128, jingine 134. Tuseme ziada ni kilo 30 kwa gunia. Mama alikuwa anauza kama magunia 45 kwa msimu. Mara 30 ni kilo 1,350. Hayo ni magunia kumi na matatu na nusu ya bure, kila msimu, kwa miaka mingi. Mwaka ambao mdogo wangu alichaguliwa kidato cha tano alichelewa kuripoti shuleni muhula mzima kwa kukosa ada na mahitaji, na nusura nafasi yake ipotee.

"Ada ilikuwa ndani ya yale magunia," mama alisema. Hakulia. Aliuliza tu kama tumebakiwa na polenta ya jioni.

Kesho yake mdogo wangu alivishwa shada la majani kichwani, kama wanavyofanya wahitimu wote wa kule. Mama alilinusa akagundua ni yale yale majani yanayouzwa yakiwa makavu kwenye pakiti za viungo vya mchuzi. Shada lile tumerudi nalo Njombe. Nusu yake imeshapikiwa.

Wafanyabiashara, sitaki mdhani nawasema vibaya. Nimekaa nanyi kwenye malori na najua lumbesa haikuzaliwa na roho mbaya peke yake. Nauli inatozwa kwa gunia, mpakiaji analipwa kwa gunia, na kwenye soko la mjini ushuru mara nyingi unahesabiwa kwa gunia. Kila gharama ikiwa kwa gunia, mwenye akili ataongeza gunia livimbe, atashona kipande juu na kufunga kamba. Anayebeba hiyo ziada ni mkulima, na wakati mwingine ni mgongo wa kijana wa kupakia. Mkulima akikataa peke yake, lori linakwenda shamba la jirani.

Ndiyo maana nawashauri msikatae mmoja mmoja. Kikundi kinunue mizani yake ya kupimia magunia, ile ya kilo 150 au 300 inayokaa chini. Mkishainunua ipelekeni ihakikiwe na Wakala wa Vipimo na iwekewe alama yao, na uhakiki huo urudiwe kila mwaka, kwa sababu mizani isiyohakikiwa mfanyabiashara ana haki ya kuikataa. Iwekwe mahali pa wazi, siyo nyumbani kwa mwenyekiti. Bei mpatane kwa kilo kabla gunia halijafungwa. Na viazi vichambuliwe: vikubwa peke yake, vya kati peke yake, vidogo na vilivyokatwa na jembe peke yake, kila kundi na bei yake. Mfanyabiashara atalipa vizuri zaidi kwa gunia ambalo halimlazimu kulimwaga na kulichagua upya mjini.

Kikundi cha mama kimeshapata mizani, imewekwa barazani kwenye ofisi ya kijiji. Ijumaa iliyopita mnunuzi wetu wa siku nyingi alikuja kuiangalia, akapanda juu yake mwenyewe, akapima kilo 81 na kubishana nayo. Kisha akasema yuko tayari kununua kwa kilo msimu huu, ikiwa mwenye lori atakubali kulipwa kwa kilo. Tumempigia mwenye lori mara mbili. Amesema atatujibu Jumatatu.