Dhamana Si Hisani

Neno dhamana limebeba mizigo mingi katika lugha yetu. Mshukiwa huachiliwa kwa dhamana; kiongozi hukabidhiwa dhamana ya wizara; mnunuzi wa gari jipya hupewa dhamana ya miaka 3 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia. Kote huko kuna mtu aliyeahidi kuwajibika mambo yakienda mrama. Swali ni nani huihesabu ahadi hiyo inapovunjwa.

Gari langu nililinunua hapa Nairobi kwa mkopo wa chama cha akiba. Lilipofika kilomita 4,000, giaboksi ilianza kushtuka kila nilipopunguza mwendo, na taa ya tahadhari ikawaka. Karakana ya muuzaji ilifuta ujumbe wa hitilafu kwenye kompyuta, ikanirudishia gari. Baada ya wiki 3 mambo yakawa yale yale. Katika miezi 11 nililipeleka mara 5, na kwa jumla likalala huko siku 37. Kila mara nililakiwa kwa chai na maneno matamu: “Mwalimu, gari ni zima kabisa, haya ya kisasa yana tabia zake.”

Fomu nayo iliandikwa vilevile kila mara: “Limekaguliwa, halina hitilafu.” Kasoro isiyoandikwa haihesabiki, kwa hiyo kila ziara ilikuwa ya kwanza. Wakati huo muda wa dhamana ulizidi kuyoyoma gari likiwa karakanani, na mkopo ukikatwa kwenye mshahara.

Safari ya 5 nilidai malalamiko yaandikwe kwa maneno yangu, pamoja na tarehe, kilomita na msimbo wa hitilafu uliosomwa na mashine. Nilimwomba fundi mkuu aliendeshe mwenyewe, nami kando yake, katika msongamano wa barabara ya Thika. Giaboksi ilishtuka mara 3 mikononi mwake, naye akaandika. Kisha nikaupelekea uongozi barua, nikitaja Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010, kinachompa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na fidia kwa hasara itokanayo na kasoro, pamoja na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Baada ya siku 9 giaboksi nzima ilibadilishwa bila malipo. Meneja akanipigia simu kunieleza kwamba kampuni imenifanyia hisani.

Neno hilo liliniudhi kuliko giaboksi yenyewe. Haki inapoitwa hisani, aliyeipata hutarajiwa kushukuru, na aliyeikosa hana pa kulalamikia. Mimi nilikuwa na lugha ya sheria, muda wa kuandika barua na mshahara usiotegemea gari. Kijana wa bodaboda aliyechukua pikipiki mpya kwa mkopo wa kulipa kila siku hana hata kimoja. Injini ikimgomea siku 3, deni halimsubiri, na pikipiki inaweza kutwaliwa kabla kasoro haijatambuliwa.

Mwaka 1982 jimbo la Connecticut nchini Marekani lilitunga sheria ya magari mapya yenye kasoro sugu: majaribio ya kutosha yakishindwa kuitengeneza, mtengenezaji hulazimika kulibadilisha gari au kurudisha fedha. Nasi tunahitaji hesabu kama hiyo iliyo wazi: ni matengenezo mangapi, siku ngapi karakanani, na muda wa dhamana usimame gari linapokuwa huko. Hesabu hiyo ingemfaa zaidi yule asiyejua kuandika barua yenye vifungu.

Nawaambia hayo hasa watumishi wa umma wanaonisoma. Mwananchi anaporudi dirishani mara ya 5 kwa cheti kilekile, msiandike kwamba wateja 5 wamehudumiwa. Andikeni kwamba mtu mmoja hajahudumiwa bado. Nanyi wanafunzi, msitie saini fomu isemayo hakuna hitilafu ilhali hitilafu mnaiona. Daini iandikwe kwanza.