Kunepa, Kupindika na Sumaku

Mgeni wa lugha yetu husita asikiapo "chuma cha pua", akitafuta kinachounganisha sufuria na uso wa mtu. Sisi tumezoea: pua hii ni chuma kigumu, ndugu wa feleji tunayoikuta katika upanga wa feleji. Lililonishughulisha mimi si jina lake bali tabia yake.

Hapa Pangani, Kibaha, fundi mmoja wa mtaani kwetu alikunja mabomba ya chuma cha pua yawe vishikio vya ngazi. Mteja akaja na sumaku mfukoni. Penye mnyoofu iliteleza. Penye kona ikanasa, kwa udhaifu, lakini ikanasa. "Fundi, umenichanganyia chuma," akasema, na nusu ya malipo akabaki nayo.

Fundi hakuchanganya kitu. Chuma cha namna hiyo, chenye takriban asilimia 18 ya kromi na 8 ya nikeli, hakivutwi na sumaku kwa sababu ya jinsi atomi zake zilivyojipanga. Mpangilio huo huitwa austeniti, kwa heshima ya Mwingereza William Roberts-Austen. Kikikunjwa bila kupashwa moto, baadhi ya fuwele zake hujipanga upya zikawa martensiti, jina litokanalo na Mjerumani Adolf Martens, nayo huvutwa. Kadiri kinavyokunjwa ndivyo kinavyovutwa. Kwa hiyo maabara hupima usumaku ili kujua chuma kimeumia wapi, na kwa kiasi gani, bila kukikata. Kukinyoosha hakufuti alama, maana kunyoosha nako ni kukunja. Kinachoifuta ni moto wa nyuzi 1000 na zaidi. (Kuna pia chuma cha pua kisicho na nikeli, ambacho hunasa sumaku kila mahali, nacho si bandia.)

Nilipomweleza mteja, "badiliko la umbo" la vitabuni halikunifaa hata kidogo. Yaliyonifaa ni maneno ya nyumbani. Ufito ukilemewa hunepa. Mzigo ukiondoka, hurudi. Kilichopindika hakirudi chenyewe. Sumaku haijui kunepa, inajua kupindika.

Akaenda kuigusisha kwenye sinki la jikoni kwake, alilolinunua dukani. Katikati ikateleza, kwenye pembe, pale mashine ilipolifinyanga, ikanasa. Malipo yaliyobaki aliyatoa jioni ile, ingawa fundi bado alimtazama kwa jicho la pembeni.