Kijumba cha mawe, skeli ya 1:76

Nimepotea wiki kadhaa, na safari hii sitasingizia stima. Nimekuwa nikijenga nyumba. Ina urefu wa sentimita 10.

Chekeni kwanza, halafu niwaeleze. Niliposoma habari za makumbusho ya Pendon, kule Oxfordshire, Uingereza, nilikosa usingizi. Mwanzilishi wake, Roye England, alikuwa Mwaustralia aliyeona nyumba za zamani za vijijini zikitoweka, akaamua kuzihifadhi kwa kadibodi, pamoja na reli ndogo inayopita karibu nazo. Nami nikataka moja ikae kando ya reli yangu, ambayo kwa sasa ni mita moja tu juu ya meza.

Kwa skeli hiyo mlango wa mita 2 ni milimita 26. Ukuta wa mawe wa sentimita 45 huwa milimita 6, kwa hivyo nilibandika kadibodi tabaka juu ya tabaka. Usipofanya hivyo, dirisha halina kina na nyumba inafanana na boksi la biskuti. Upande wa nyuma nilipiga plasta. Mchanga haufai, maana chembe ya nusu milimita ingekuwa kokoto ya karibu sentimita 4! Nilichanganya rangi na poda ya mtoto wa dada yangu (samahani, sista).

Mawe ya mbele niliyaandikia programu. Inachora mawe ya ukubwa wa kubahatisha, nachapisha, kisha nafuata mistari kwa sindano. Nilijivunia sana. Nikampelekea Baba, fundi wa mawe aliyestaafu, ambaye hajawahi kuielewa kazi yangu. Wala mimi sijawahi kumuuliza kuhusu yake.

Alivaa miwani, akaigeuza.

"Nani alijenga hii?"

"Ni mimi, Baba."

"Itaanguka."

Akanionyesha kwa ukucha: viungo vya wima vimesimama kimoja juu ya kingine safu tatu nzima, na kwenye kona hakuna jiwe refu la kufunga kuta mbili. Jiwe la kona hugeuzwa kila safu, alisema, hii liende huku, inayofuata liende kule. Tulikaa hadi saa nne usiku.

Nimebomoa ukuta wa mbele. Programu sasa inakataa kiungo chochote kilicho juu ya kile cha safu ya chini. Jana Baba alipiga simu kuuliza paa litakuwa la nini. Nikamwambia nyasi. Atakuja Jumamosi, na amesema nisianze bila yeye.