Pumzi za Alfajiri

Simu iliita kabla ya adhana ya alfajiri. Nilikuwa Unguja, ndani ya chandarua, na baba alikuwa Makangale, ukingoni mwa bwawa.

"Mwanangu, samaki wote wako juu, wahema."

"Na pampu?"

"Umeme umekatika tangu saa sita."

Jua lilipotoka walielea 131. Baba alinitajia hesabu hiyo bila ya kulaumu, na hapo ndipo iliponiuma zaidi.

Wazo la pampu lilikuwa langu. Lile bwawa alilichimba yeye, nyuma ya nyumba, mita 6 kwa 5, maji ya kufika kifuani. Majirani walicheka. Vumawimbi iko upande huu, Verani upande ule, nani afuge perege? Lakini mgongo wa baba ulikwisha kuikataa ngalawa, na kusi ikichafuka hata vijana hawatoki. Alianza na samaki 80, nao wakaishi.

Mimi, niliyesoma, nikaona 80 ni wachache. Nikamnunulia pampu ya hewa ya umeme, yenye mipira miwili na mawe ya kutoa mapovu. Nikamwambia: sasa weka 200, mashine itawapa pumzi. Akaniamini.

Kilichotokea ni hesabu ya kawaida. Mchana, mwani wa kijani hutumia jua kutengeneza oksijeni. Usiku mwani huo huo huivuta, pamoja na samaki na uchafu unaooza chini, hata ikabaki kidogo kabisa karibu na mapambazuko. Joto nalo hupunguza: lita moja ya maji ya nyuzi 10 huweza kubeba miligramu 11 hivi za oksijeni, ya nyuzi 30 kiasi cha saba na nusu tu. Na ule ulikuwa mwezi wa Aprili, maleleji, kaskazi imekwisha na kusi haijashika. Mawingu siku tatu, upepo hakuna wa kulitikisa bwawa. Samaki 80 wangevumilia usiku kama ule. Wale 120 wa ziada walikuwa wakiishi kwa waya.

Nilivuka kwenda Pemba nikiwa na orodha ya mashine nyingine kwenye simu. Tulikaa barazani, nikamsomea.

"Hii ya sola, haihitaji umeme."

"Yafanya kazi saa ngapi?"

"Jua likiwaka."

"Jua likiwaka samaki wangu hawana shida."

Nikanyamaza. Nikataja ya betri. Akauliza bei ya betri, akauliza yadumu miaka mingapi, kisha akaangalia kisima.

Tulichokifanya mwishowe hakikuwamo kwenye orodha. Pampu ndogo ya sola hupandisha maji ya kisima mchana, bila haraka, hadi kwenye tangi la lita 1,000 lililoinuliwa juu ya matofali. Kutoka hapo limeshuka bomba la plastiki tulilolitoboa matundu kwa msumari wa moto, likapita juu ya bwawa. Maji ya kisima yenyewe huwa na oksijeni chache, kwa hiyo hatukulizamisha bomba. Lazima maji yaanguke, yapasuke, yachanganyike na hewa njiani. Yanayozidi hutoka kwa mfereji hadi kwenye migomba.

Tangi moja haliwezi kulijaza bwawa zima pumzi. Linatengeneza kona moja ya kukimbilia, kwa saa ile mbaya. Ndiyo maana tulirudi kwenye samaki 80. Hilo lilikuwa sharti la baba, na sikubishana.

Koki haijifungui. Baba huamka kabla ya adhana kila siku, tangu enzi za ngalawa. Hutia udhu, huifungua, kisha huenda msikitini. Katika kuchagua mashine nilikuwa nimehesabu wati, lita na shilingi. Huyu mtu aliye macho saa hiyo hiyo, miaka yote, sikumhesabu.

Aprili hii simu iliita tena gizani. Niliruka kitandani.

"Kuna nini, baba?"

"Hakuna. Umeme umekatika, mawingu kama yale ya mwaka jana." Nyuma yake nilisikia maji yakianguka. "Walikuwa juu. Sasa wameshuka. Lala."