Ng'ombe Vipande Viwili

Kompyuta haijui neno ni nini. Sisemi hivi kwa kuitukana. Nasema kwa sababu wengi wetu tunaoshika kalamu tunaiogopa kama mwalimu mkali, kumbe yenyewe ni kama mtoto aliyetumwa dukani. Ukimwambia lete chumvi, analeta chumvi. Usipomwambia kiasi gani, shauri yako. Jambo hili nimejifunza kwa programu ndogo ndogo za mistari kumi au ishirini, na kwa msaada wa watu watatu. Nataka nikueleze, msomaji mwenzangu, msaada upi ulinifaa na upi haukunifaa, maana najua wengi wenu mna kazi za namna hii mikononi.

Kazi yangu ilikuwa hii. Bibi yangu mzaa baba alikuwa mtu wa Mtang'ata, pwani ile iliyo baina ya Tanga na Pangani. Alifariki mwaka 2019. Aliacha hadithi 43, ambazo shangazi yangu alikuwa akiziandika katika madaftari ya shule huku bibi akisimulia. Madaftari tisa. Mimi nikayachapa. Mengine niliyachapa kwenye simu nikiwa ndani ya daladala, mengine nilimlipa kijana wa steshenari pale Magomeni ayachape kwenye kompyuta yake. Akatokea mchapishaji mdogo, akakubali kutoa kitabu, kwa sharti moja: mwishoni kuwe na sherehe, yaani maelezo ya maneno magumu, kwa sababu msomaji wa mjini hatayaelewa. Akanipa miezi mitatu. Ikipita hiyo, zamu inakwenda kwa kitabu kingine, na mimi nisubiri mpaka Mungu apende.

Utasema, si usome tu na kupigia mstari maneno magumu? Haya, lakini magumu kwa nani? Mimi nimelelewa na bibi yule. Neno ambalo wewe wa Kinondoni hujalisikia tangu uzaliwe, kwangu ni kama kijiko, macho yanalipita. Na aliyebaki wa kuyaeleza ni shangazi peke yake, naye macho yanafifia na miguu inauma. Kila mwezi uliokuwa ukipita ulikuwa na bei yake. Nilihitaji orodha ya kila neno lililomo, na hesabu ya limetokea mara ngapi, ili nianze kuchambua.

Msaada wa kwanza niliupata kwa kijana mmoja mjuzi wa mambo haya. Nilipomweleza, alicheka, akavuta laptopu, vidole vikakimbia. Dakika tano tu. "Tayari kaka." Na kweli orodha ikatoka, ndefu kama treni ya mizigo. Juu kabisa yalikaa "na", "ya", "wa" na "kwa", kama mtu yeyote angetegemea. Lakini chini yake kidogo likakaa neno "ng". Mara 214. Nikateremka zaidi, nikakuta "ombe". Nikateremka tena, nikakuta "ang" na "ania", yaani kung'ang'ania kumekatwa vipande vitatu kama muwa. Hata lahaja ya bibi mwenyewe, Kimtang'ata, ilikuwa imegawanywa: "kimtang" huku, "ata" kule. Nilipomrudia yule kijana aliniambia matini yangu ni chafu, niisafishe kwanza. Nisafishe nini? Ng'ombe ni uchafu? Nikaifungua ile programu yake niisome, nikaona alama tupu, mabano na mikwaju. Alinipa samaki, ndiyo, lakini samaki mwenyewe hana kichwa, na ndoana amekwenda nayo.

Msaada wa pili ulitoka kwa dada mmoja anayefanya kazi ya kompyuta katika ofisi moja ya mizigo. Tulikuwa tukikutana Jumamosi kwenye kibanda cha chai. Siku ya kwanza nilimsogezea laptopu, akairudisha upande wangu.

"Mimi sigusi," akasema. "Wewe ndiye utakayechapa. Kwanza niambie, mdogo wangu, neno ni nini?"

Nikamwona kama ananitania. Neno ni neno bwana.

"Hapana. Mimi ni kompyuta. Nimepewa mstari wa herufi, nafasi, nukta na vikorokoro. Nitajuaje neno linaanzia wapi na kuishia wapi?"

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri. Jamani, nimesoma Kiswahili tangu darasa la kwanza, na hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikasema neno ni herufi zilizofuatana bila nafasi. Akasema, basi "bibi," lenye mkato na "bibi" lisilo na mkato ni maneno mawili. Nikasema hapana, tuondoe alama zote, tubaki na herufi tu. Akatabasamu. "Ndivyo alivyofanya mwenzako. Na ile alama ya ng'ombe je?"

Kumbe ndiyo hiyo! Kwenye Kiswahili ile alama ya ritifaa katika ng' si pambo. Inabeba sauti. Lakini kwa programu nyingi ni alama tu kama mkato na nukta, na herufi zinapokwisha, neno limekwisha.

Dada akanipa kisa kimoja ambacho sijakisahau. Mwaka 1986, Jon Bentley, aliyekuwa na safu katika jarida moja la wanakompyuta huko Marekani, alimwomba Donald Knuth, mmoja wa mabingwa wakubwa wa fani hii, aandike programu ya kusoma matini na kutaja maneno yanayotokea mara nyingi zaidi. Yaani kazi yangu ileile! Knuth akaandika programu nzuri ya kurasa nyingi. Kisha Doug McIlroy, yule aliyeleta wazo la kuunganisha programu ndogo ndogo kama mabomba katika mfumo wa Unix, akapewa aihakiki. Akaisifu, halafu akaonyesha kwamba kazi hiyohiyo yeye angeifanya kwa amri sita tu zilizounganishwa. Amri ya kwanza inasema hivi: kila kisicho herufi kati ya A na Z kigeuze kiwe mstari mpya.

"Sasa ipitishe ng'ombe wako hapo," akaniambia.

Nikaipitisha. Ng. Ombe. Vipande viwili.

Nilifurahi kwa namna ya ajabu. Wale ni mabingwa, wala amri ile haina ubaya. Hata Kiingereza inakikatakata kidogo, ila wenyewe wanavumilia. Lakini jawabu lao kuhusu neno ni nini lilijengwa juu ya lugha yao, na la kwangu hakuna atakayelijenga isipokuwa mimi. Dada anajua chombo. Mwenye lugha ni mimi. Tukigawana hivyo, hakuna aliye mjinga pale kibandani.

Akaniuliza tena: "Je, kuna neno la Kiswahili linaloishia kwa ng'?" Nikafikiri. Nung'unika, kung'uta, ng'ambo, ung'avu. Hakuna. Baada ya ng' lazima kuna sauti inayofuata. Basi kanuni ikajitunga yenyewe: ile alama ihesabiwe kuwa sehemu ya neno pale tu inapokuwa katikati ya herufi mbili, ikiwa pembeni, ni alama ya kunukuu, itupwe. Nikaichapa kwa Python, kwa vidole vyangu, polepole kama mtu anayetembea juu ya mawe ya mtoni. Mstari mmoja. Nikaendesha. Ng'ombe akasimama, mzima!

Lakini nusu tu ya ng'ombe. Mara 97. Wengine bado walikuwa vipande. Hapo dada hakusema kitu, alikunywa chai yake. Akaniambia nichukue ng'ombe mmoja mzima na mmoja aliyekatika, niiulize kompyuta kila alama ina namba gani. Nikauliza. Ya kwanza ilikuwa namba 39. Ya pili, 8217. Zile hadithi nilizochapa kwenye simu zilikuwa na alama iliyonyooka. Zile za steshenari zilikuwa na alama iliyopinda, ambayo programu ya kuchapia huiweka yenyewe ili ukurasa upendeze. Kwa macho yetu ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni watu wawili wasiojuana. Mstari mmoja tena, kugeuza zote za 8217 ziwe 39, na ng'ombe wote wakarudi zizini.

Baada ya hapo tukajaribu jambo kubwa zaidi. Orodha ilikuwa na nimekuja, alikuja, walikuja, watakuja, kila moja kama neno jipya, wakati kamusi ina "ja" tu. Nikataka programu ivue viambishi: toa a, ni, u, wa, toa li, na, ta, me. Dada akaniambia, ijaribu kwanza kwa maneno kumi unayoyajua. Nikaijaribu. Alikuja na walikuja zikatoka sawa. Umeme ukabaki "me". Ulimi ukabaki "mi". Utamu ukabaki "mu". Ulimwengu wote ukabaki "mwengu"! Tulicheka mpaka mama wa chai akauliza kuna nini. Mashine haioni tofauti kati ya u-li-soma na u-li-mi. Mtoto wa miaka mitatu anaiona, wala hajafundishwa.

Ikabidi tupite njia nyingine. Nilikusanya hadithi na insha zetu sisi wenyewe, vijana kumi na wawili wa kikundi chetu cha uandishi, miaka minne ya maandishi, nikazitolea orodha kwa programu ileile. Kisha nikaiagiza kompyuta: nipe maneno yote aliyoyatumia bibi ambayo sisi hatujayaandika hata mara moja.

Msomaji, orodha ile niliiangalia kwa muda mrefu. Mengi yalikuwa vitenzi vya kawaida vyenye viambishi vingi, hayo nikayatoa kwa macho, jioni nne. Yaliyobaki yalikuwa mia tatu na kitu. Foromali, mti ule unaoshika tanga la chombo. Dema, mtego wa samaki wa kusukwa. Bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Vijana kumi na wawili, wengine wamezaliwa hatua chache kutoka baharini, miaka minne, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuandika bamvua. Sikusikitika tu. Niliona pia mahali pa kuanzia.

Nikapanda basi kwenda kwa msaada wa tatu. Shangazi alikaa kwenye mkeka, mimi nikimsomea orodha, yeye akieleza, nikiandika. Siku tatu. Tulipofika kwenye "mafu" nikasoma na kutaka kupita, maana nilidhani ni habari ya wafu.

"Rudi," akasema. "Hilo si neno, mwanangu. Hilo ni nusu ya neno. Mwenzake yuko wapi?"

Maji mafu. Yale maji ya wakati mwezi uko nusu, bahari haijai sana wala haitoki sana, na wavuvi wa dema wanajua la kufanya. Programu ilikuwa imetupa "maji" kwa kuwa sote tunaandika maji kila siku, ikaacha "mafu" peke yake kama yatima. Shangazi hajawahi kugusa kompyuta, lakini aliliona swali lilelile la dada wa kibandani: neno linaanzia wapi, na linaishia wapi? Niliporudi mjini niliandika programu nyingine ya mistari kumi na miwili, inayotafuta maneno yanayopenda kukaa mawili mawili. Hiyo niliiandika bila kumwuliza mtu.

Kitabu kimetoka, na sherehe yake ina maneno 288. Kwa hiyo, wenzangu wa kalamu, mnaoanza kuchezea programu hizi, nina machache ya kuwaambia. Unapokwenda kuomba msaada usibebe faili lote la hadithi 43. Chukua mstari mmoja wenye maneno kumi. Onyesha ulichotaka kitoke na kilichotoka. Mara nyingi jibu utaliona njiani kabla hujafika. Mpende zaidi anayekurudishia swali kuliko anayekunyang'anya kibodi. Na usiende ukiwa umeinama. Atakayekusaidia anajua namba 39 na 8217, lakini ni wewe unayejua kwamba ng'ombe ni mmoja.

Maneno saba hata shangazi hakuyajua. Alikumbuka tu kwamba mama yake akiyasema. Tumeyachapa mwishoni mwa sherehe, kila moja na sentensi yake, na mbele yake tumeacha nafasi tupu. Mwenye bibi anayeyajua na aje na kalamu.