Spitfire ya Mfukoni Yakutana na Mwenzake Hendon

Ikiwa safari imekufikisha London na una nusu siku isiyo na shughuli, panda gari-moshi la chini ya ardhi, njia ya Northern, ukashuke katika stesheni ya Colindale. Kutoka hapo ni mwendo wa kama dakika kumi kwa miguu hadi Makumbusho ya Jeshi la Anga la Uingereza, Hendon. Kiingilio ni bure, na katika jiji lile ambako hata kukaa kwenye kiti cha mkahawa kuna gharama yake, hilo si jambo dogo. Ila nakuomba, msomaji, usiende mikono mitupu. Tia mfukoni rula ya shule, na ndege moja ya plastiki, zile za kuunganishwa kwa gundi ambazo wazazi huwanunulia watoto wao likizo zikianza.

Mahali penyewe pana historia ndefu. Hapa palikuwa na uwanja wa ndege tangu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 1911 ndege iliondoka hapa ikiwa imebeba barua za kwanza za posta rasmi ya anga nchini Uingereza, kuelekea Windsor. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1972. Ndani mna ndege za kila aina, lakini wengi wa wanaoingia huulizia moja tu: Spitfire.

Spitfire ya zamani iliyohifadhiwa hapo ni X4590, ya toleo la kwanza. Ilitumikia kikosi cha 609, na Oktoba 1940 ilishiriki kuiangusha ndege ya Ujerumani aina ya Junkers 88. Simama kando yake, kisha utoe ile ya mfukoni.

Kama ulisoma jiografia, hesabu hii haitakupa taabu. Ndege nyingi za plastiki huundwa kwa skeli ya moja kwa 72, yaani sentimita moja ya kijindege ni sentimita 72 za ndege yenyewe. Waingereza waliipenda skeli hiyo kwa sababu mtu wa futi sita huwa na urefu wa inchi moja kamili. Spitfire ya toleo la kwanza ina upana wa mita 11.23 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, na urefu wa mita 9.12. Gawanya kwa 72: kijindege chako kiwe na milimita 156 kwa upana, na karibu 127 kwa urefu. Weka rula. Kama kimezidi kwa milimita mbili tu, basi ndege hiyo ingekuwa halisi ingezidi kwa zaidi ya sentimita 14.

Mwenye kijindege atakwambia kwamba milimita mbili si kitu. Wapo watu wazima, wenye ajira na familia, ambao kwao milimita mbili ni ugomvi wa miaka mingi. Kampuni ya Airfix ya Uingereza ilipotoa Spitfire yake ya kwanza katika miaka ya 1950, iliiuza kwa shilingi mbili katika maduka ya Woolworths. Ilikuwa ya plastiki ya samawati, yenye herufi BTK ubavuni, na kwa kweli ilifanana na Spitfire kama binamu wa mbali. Watoto hawakujali. Lakini watoto hao walikua, wakanunua rula.

Tangu hapo viwanda vimekuwa vikisahihishana. Tamiya wa Japani walitoa Spitfire ya toleo la kwanza mwaka 1993, kwa skeli kubwa zaidi ya moja kwa 48. Ilishikana vizuri mno, karibu bila kuhitaji gundi, ila wapimaji wakagundua kwamba kiwiliwili chake kilikuwa kifupi kidogo na mabawa mapana kuliko inavyotakiwa. Mwaka 2018 Tamiya wakatoa nyingine, mpya kabisa tangu mwanzo. Wenzao Hasegawa nao walilaumiwa kwa kufupisha kiwiliwili cha Spitfire yao ya toleo la tisa. Kampuni ya Eduard ya Ucheki ilipotoa ya kwake mwaka 2013, waliochoshwa na kasoro hiyo walishusha pumzi.

Hata hivyo, rula ina mipaka yake. Inama uitazame X4590 kutoka nyuma, pale bawa linapoungana na tumbo. Utaona halikuchomekwa moja kwa moja kama ubao. Linashuka kwanza, kisha linapinda na kupanda, mfano wa bawa la ndege wa baharini. Vijindege vingi vya zamani vilikosea hapo hata pale ambapo urefu na upana wake vilikuwa barabara. Jicho huona kwamba kuna jambo haliko sawa, ingawa haliwezi kulitaja.

Sasa tazama ngozi ya ndege. Kwenye plastiki utaona mistari iliyochorwa kuonyesha mabati yalipoungana. Mfereji wa nusu ya nusu ya milimita hauonekani kuwa mkubwa, lakini uzidishe mara 72: unapata milimita 18, nafasi ambayo kidole gumba cha mtoto kingeingia. Kwenye Spitfire yenyewe viungo vimebana hivi kwamba ukirudi hatua chache huvioni. Kwa hesabu hiyo, kijindege kisicho na mstari hata mmoja kingekuwa karibu zaidi na ukweli. Lakini nani angekinunua? Mnunuzi anataka kuona kazi.

Ribiti nazo zina kisa chake. Supermarine, kampuni iliyoiunda Spitfire, ilitaka kujua kama ilikuwa lazima kutumia ribiti bapa, zilizo ghali na zenye kuchelewesha kazi, mahali pote. Mafundi wakachukua njegere kavu zilizopasuliwa, wakazibandika kwa gundi juu ya ribiti bapa ili zifanane na ribiti za vichwa vya mviringo, na ndege ikarushwa. Kasi ikapungua kwa zaidi ya kilomita 30 kwa saa. Wakaendelea kuzibandua njegere safu kwa safu na kupima tena, hata wakajua ni wapi ribiti za bei nafuu zingeweza kutumika bila hasara kubwa. Kwa hiyo kijindege chenye ribiti za kuvimba mwili mzima, kama upele, kinapinga jaribio lililokwisha kufanywa.

Spitfire iliruka mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1936 kutoka uwanja wa Eastleigh, karibu na Southampton. Naam, jina lile lile la mtaa wetu wa Nairobi, ambao nao una uwanja uliotumiwa na jeshi la anga la Uingereza wakati wa vita. Kwa Mkenya, hata hivyo, ndege ya kuitafuta Hendon ni Hurricane, mwenzake Spitfire asiyepigiwa tarumbeta. Katika mapigano ya anga ya Uingereza ya mwaka 1940 Hurricane ziliangusha ndege nyingi za adui kuliko Spitfire, na mwaka huo huo Hurricane za Afrika Kusini zilikuwa hapa Kenya, zikikabiliana na Waitaliano waliokuwa wameishika Ethiopia na Somalia. Nusu yake ya nyuma si bati bali ni kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza, kikawamba kama ngozi ya ngoma. Waunda plastiki hupenda kukionyesha kimebonyea katikati ya mbavu, kama ng'ombe wa kiangazi. Kitambue mwenyewe kilivyo.

Kwenye rangi ugomvi hupamba moto zaidi. Picha nyingi za wakati ule hazina rangi, na baadhi ya filamu zake zilionyesha manjano kama nyeusi, hivyo duara ya manjano inayozunguka nembo ya Waingereza huonekana kama ya makaa. Mwenye kuunganisha kijindege atakujibu: basi nakwenda makumbusho kuiona yenyewe. Na hapa ndipo penye mtego.

Sogea hadi kwa Messerschmitt 109 ya Mjerumani. Rubani wake alitua kwa dharura Manston, mkoani Kent, Novemba 1940, nayo ikatekwa. Waingereza waliitengeneza, wakaipaka rangi zao na nembo zao, wakairusha kuichunguza. Rangi za Kijerumani unazoziona leo zilirudishwa baadaye. Umbo unaweza kulipima na kuliamini, lakini anayekwenda kunakili rangi zake ananakili kazi ya mtu mwingine aliyekuwa naye akinakili.

Kwenye mkia wa ndege hiyo ipo swastika, alama ya chama cha Hitler. Fungua kisanduku cha Messerschmitt ya plastiki na aghalabu hutaiona, au utaikuta imekatwa vipande viwili ambavyo mnunuzi anaweza kuviunga akitaka. Sheria za Ujerumani zinakataza kuionyesha alama hiyo hadharani, isipokuwa kwa mambo kama elimu na sanaa, na viwanda havitaki matata. Sababu ninaielewa, na mzazi Mjerumani nisingemfundisha la kufanya. Lakini mimi naona hilo ndilo kosa kubwa kuliko milimita zote za mabawa. Mtoto atapata ribiti zote, na asijue ndege hiyo ilikuwa ya nani wala iliruka kwa ajili gani. Ukimnunulia mwanao, mwambie kilichokuwa mkiani.

Kabla ya kutoka, rudi kwenye X4590 uitazame sehemu ya rubani. Ni finyu kiasi kwamba mtu mwenye mabega mapana angeingia upande upande. Kwenye mabawa walikaa bunduki nane, na mafundi waliziba matundu yake kwa vipande vya kitambaa chekundu visipitishe uchafu wala baridi. Risasi ya kwanza ilivitoboa. Kwenye visanduku vingi rubani naye yumo, plastiki yenye urefu wa ukucha, mikono imegandishwa magotini, uso hana. Kati ya Julai na Oktoba 1940, wanaanga 544 wa kamandi ya ndege za kivita za Uingereza waliuawa, wengi wao vijana wa ishirini na kitu. Duka la makumbusho liko karibu na mlango, na visanduku vya Spitfire vimejaa rafuni.